Kompyuta ya Mwalimu Imerudi Bila Ukoo

Kwa Haron Mogire,
Fundi wa Kompyuta, Soko la Keumbu.

Mwanangu Haron,

Huna haya. Umefuta ukoo mzima halafu unaniambia, "Mama, sasa iko fiti kama mpya." Mpya ya nani? Nilikuletea kompyuta ya mume wangu, marehemu Mwalimu Nyamweya, kwa sababu ilikuwa nzito kuamka. Ndani yake mlikuwa na majina ya wazee wetu, vizazi tisa, aliyoyakusanya kwa miaka sita. Mjukuu wangu Lavender anaposwa na kijana wa Nyamarambe anaitwa Onyiego, na wazee wake wanakuja Jumapili. Bila majina hayo tutajuaje kama si ndugu yake? Kwetu damu moja haioani. Kwa hiyo nakushtaki kwako mwenyewe kabla sijafika kwa chifu.

1. Uliniuliza kama uirudishe ilivyotoka kiwandani, nikasema ndiyo. Sikatai. Lakini nimechuma chai miaka arobaini na kiwanda nakijua. Unapeleka majani, yanachambuliwa, takataka inatupwa, kilicho kizuri kinarudi kwa pakiti. Sijaona kiwanda kinachomwaga chai yote kikakurudishia gunia. Wewe ulisomea kiwanda gani?

2. Nilipouliza wazee wako wapi, ulinionyesha picha ya mlima wenye theluji. Huo mlima ni wa ukoo gani?

3. Ukasema ningeweka nakala. Mume nilikuwa naye mmoja, Haron. Sikuweka nakala.

4. Ulicheka ukasema kila kitu hupenda kuanza upya. Basi nawe tukurudishe ulivyotoka kwa mama yako Tryphosa: uchi, bila meno, bila hicho cheti umetundika ukutani. Nilikuwepo siku hiyo. Ulikuwa unalia tu, na kazi hukuwa unajua hata wakati huo.

5. Nisipopata majina, posa naikataa. Lavender akianza kulia, nitamleta alilie dukani kwako mbele ya wateja.

Kwa hivyo tafuta hao wazee huko ulikowatupa, mmoja mmoja, uwarudishe wote kabla ya Sabato.

Msalimie mkeo Maureen na watoto, na jirani zako wote wa sokoni. Msalimie pia Tryphosa, ambaye hana kosa isipokuwa kukuzaa.

Ni mimi,
Drusilla, mjane wa Mwalimu Nyamweya.

Nyongeza: Nimeshafunga barua, nimeifungua tena. Kumbe nakala ipo. Mwalimu aliikunja ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Nimeisoma kwa kidole, jina kwa jina. Onyiego si ndugu, aoe. Lakini kizazi cha nne nyuma ya Lavender kuna mtoto wa ukoo wa mume wangu aliyebebwa mgongoni wakati wa njaa mpaka Nyaramba, huko nilikozaliwa mimi, akalelewa na watu wa huko akawa wao. Jina lake nalijua: mtoto huyo ndiye babu yangu. Yaani nimeolewa kwetu, miaka hamsini na mbili. Na kando ya jina langu Mwalimu ameandika kwa kalamu: "Asiambiwe."

Karatasi imeshaungua chini ya sufuria ya maharagwe. Haron, usiokoe kitu. Kama umeshaokoa hata jina moja, usilisome. Irudishe hiyo mashine kiwandani mara ya pili, na uilete hapa Ijumaa kabla jua halijazama.