Pimamaji Avaana na Kifungo cha Koti

Hakuwa na subana ya kukinga kidole na sindano. Hakuwa na miwani, maana aliikalia. Hakuwa na uzi mweusi wa kufanana na koti, ila mweupe, nao mnene. Hakuwa na subira, hakuwa na mwalimu, na tangu Jumapili hakuwa na mke nyumbani. Sogeeni basi, enyi mlioketi kwa raha na nguo zenu zimefungwa hadi shingoni, msikie jinsi jemadari huyo, fukara wa silaha na tajiri wa maneno, alivyotoka kupigana na kifungo.

Walimwita Pimamaji, kama kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa. Alikuwa fundi wa vigae, simba wa mabafu, mtu ambaye hata sahani ikitengwa mezani huinama kwanza kutazama kama imelala sawa. Huyu ndiye aliyetamka, mbele ya mkewe na shemeji yake, tamko lililotikisa madirisha: "Kifungo ni kazi ya mtoto! Mnaikuza tu mpate sifa." Mkewe hakubishana. Alifunga mzigo akaenda kwa binti yao aliyejifungua, na mlangoni akasema, "Nitarudi ukishashona hicho cha koti lako. Kwa mkono wako."

Akabaki shemeji, kaka wa mke, ambaye naye jioni ya siku ya vita hivi alikuwa na safari ya huko kwa binti. Alijilaza kwenye kochi awe shahidi.

Pimamaji akaushika uzi, akaulowesha kwa mate, akalishambulia tundu la sindano. Uzi ukapita kushoto. Akarudi na jeshi lake lote. Uzi ukapita kulia.

"Shemeji," akauliza shahidi, "unatunga uzi au unafukuza mbu?"

"Nyamaza, ewe mvamizi wa kochi langu! Mikono hii imesimamisha kuta ambazo wewe huwezi hata kuziegemea bila kuzichafua!"

Mwishowe uzi ukaingia, labda kwa huruma. Shujaa akachoma kitambaa kwa nguvu, akavuta, na uzi wote ukapita ukatokea upande wa pili kama mgeni aliyekosea nyumba. Hakuwa amepiga fundo.

"Fundo, shemeji."

"Nilikuwa napima ardhi," akajibu mkuu wa majeshi, akapiga fundo kubwa kama harage.

Hapo vita vikapamba moto. Alichoma juu, akachoma chini, akajichoma mwenyewe, na kila mara akavuta kwa meno, kwa kuwa katika ufundi wake kitu kisichoshikamana barabara na sakafu ni aibu. Alipomaliza, kifungo kilikuwa kimegandamana na koti kana kwamba kimezaliwa pale. Akakigonga kwa ukucha, sikio karibu, asikie kama chini yake pana uwazi. Hapakuwa na uwazi. Akatabasamu kama aliyeteka mji.

Akavaa koti, akavuta upande wenye tundu, akajaribu kufunga. Kifungo hakikuinuka hata unywele. Kitambaa hakikuwa na pa kupita.

"Hiki hata mafuriko hayakiondoi!" akatangaza, jasho likimtoka.

"Kweli kabisa. Ila hakifungi." Shemeji alicheka hadi akateleza kwenye kochi. "Ngoja nimpigie dada, nimwambie atafute shamba la kulima huko huko."

Jemadari akaketi. Akatazama jikoni, kwenye sufuria ya chai aliyoipika mwenyewe asubuhi, ambayo hata yeye hakuimaliza. Ndipo akakumbuka: kati ya kigae na kigae yeye huweka njiti ya kibiriti, ili pabaki nafasi.

"Lete kibiriti!" akanguruma.

Akakata nyuzi zote, na kipande kidogo cha koti ambacho historia imekubali kukisahau. Akalaza njiti juu ya kifungo, akashona akipitisha uzi juu yake, akaichomoa. Kifungo kikalegea vizuri. Akakivuta juu kidogo, akauzungusha uzi chini yake ukawa shingo fupi, akapiga fundo kwa nyuma. Akafunga koti. Likafunga!

Enyi vizazi vijavyo, andikeni: kifungo kimoja, cheupe kwa uzi, kimepinda kidogo, kimetiishwa.

"Haya, mpigie simu umwambie," akasema shemeji, akifuta machozi.

"Ushindi kama huu kwenye simu? Simu ikikatika katikati je?"

Akaandika barua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa ngurumo na damu, damu yenyewe ikiwa ya kidole. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, akaongeza: "Nilisema ni kazi ya mtoto. Mtoto wa kuiweza bado sijamwona. Nilikosa, mama watoto. Rudi, kile kifungo cha mkono wa kulia nacho kimelegea, lakini hicho nitakishona mwenyewe, wewe utazame tu."

Bahasha ilikuwa haina gundi. Akaipaka gundi ya vigae, akaikandamiza kwa kiganja hadi ikakauka, akamkabidhi shemeji, naye akaondoka nayo kuwahi basi, akilalamika kwamba dada yake atahitaji patasi kuifungua.