Bawa Jekundu la Celestino

Jumatano, 7 Agosti 1974

Alhamdulillahi! Riziki imenifuata hadi kibandani. Celestino, karani wa uwanja wa ndege hapa Arua, ameleta kindege chake cha kuchezea alichotoka nacho masomoni Uingereza. Kina injini ndogo, kinarushwa kikiwa kimefungwa waya ulioshikwa mkononi. Panya wamekula ngozi ya bawa. Amebakiwa na kipande kimoja tu cha plastiki nyekundu, ile ya kubandika kwa pasi, na Jumapili atakirusha mbele ya wakubwa zake.

Alianzia kwa Lado, dobi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Lado akasema kazi hiyo haijui. Namshukuru sana Lado. Mimi nikasema naijua tangu utoto. Celestino akaahidi kwamba bawa likikaa vizuri, nguo zote za uwanjani zitakuja kwangu. Likiharibika, nisahau hata soksi zake.

Alhamisi, 8 Agosti

Pasi ni pasi. Nikajaza makaa mpaka pembeni. Bawa mezani. Maji mdomoni, pfuu! nikayapuliza juu ya mbao ya bawa, kama ninavyopulizia suruali za kaki mwaka wa kumi na mbili sasa. Nikatandaza plastiki, nikakandamiza.

Ole wangu! Maji yakachemka chini ya plastiki. Malengelenge kila mahali, kama mtu aliyemwagikiwa uji. Nikaongeza moto ili yatulie. Tundu! Na mbao, kwa kunywa maji, imeanza kupinda.

Lado alivuka barabara kuuliza ninapika nini. Nikamwambia Wazungu ndivyo wanavyofanya. Akaniangalia kwa huruma, jambo baya kuliko kunicheka. Hata hivyo, tundu ni moja tu. Wengine wangetoboa mawili. Nashukuru.

Ijumaa, 9 Agosti

Mpango wa asubuhi: kuziba tundu kwa rangi ya kucha ya binti yangu Madinah, kisha kuwasingizia panya. Walishakula mara moja, nani atashangaa? Rehemah, mke wangu, alinikuta na kichupa mkononi. Nikakiri yote. Nguo za uwanjani, uongo wangu, yote.

Akaligeuza bawa mara mbili. Akasema, "Baba Madinah, hii si shati. Wewe iko napigana nayo. Toka, mimi nafanya."

Nikaenda msikitini kuomba. Niliporudi alikuwa ameshatoboa malengelenge kwa sindano, na bawa limelala chini ya jiwe la kusagia, linakauka na kunyooka. Alasiri akangoja makaa yafe, yabaki majivu ya moto. Akaifunika pasi kwa kitambaa, akaipitisha taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Plastiki ikajivuta yenyewe, ikakaza kama ngoma! Juu ya tundu akabandika nyota aliyokata kwenye mabaki.

Machozi yalinitoka. Nilimwambia asante mara tatu. Akanituma maji kisimani, nikaenda mbio.

Jumapili, 11 Agosti

Kimeruka! Kilizunguka juu ya kichwa cha Celestino kikinguruma, na bawa halikutikisika. Wakubwa walipiga makofi. Celestino akauliza nani aliyebuni ile nyota. Ulimi wangu ulikuwa tayari, lakini Lado alisimama nyuma yangu. Nikasema ni Rehemah. Nguo ni zetu. Mungu amenipa mke, mimi ni nani nisishukuru?

Jumatatu, 12 Agosti

Kapu la kwanza limefika, limejaa mashati. Nimekaa nikawaza: asante ya mdomo haitoshi. Mwanamke ameokoa nyumba nzima.

Nimepata wazo zuri. Rehemah ana shela ya nailoni aliyoletewa na dada yake Hawah kutoka Koboko, anaitunza ajitande nayo harusini Jumamosi. Ina mikunjo. Sasa yuko sokoni. Nitampigia pasi kwa mkono wangu mwenyewe, aikute imenyooka kitandani.

Makaa yameshika vizuri, mekundu kabisa. Akirudi atashangaa.