Cheti cha Mapovu

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi, gari lenye vipaza sauti lilizunguka mitaa ya Kikula likiwatangazia raia wote wa Likasi habari njema: hatimaye serikali imeyafikia mapovu. Kuanzia siku ile, kinywaji chochote chenye gesi kinachotengenezwa nyumbani, kiwe cha matunda, cha majani au cha mizizi, hakitanywewa kabla ya kupata Cheti cha Mapovu. Cheti kitatolewa na Ofisi ya Gesi na Mapovu ya Nyumbani, chini ya uongozi wenye busara wa Mkurugenzi Gaston. Raia waliombwa kufurahi kwa utulivu.

Haja ya ofisi hiyo ilikuwa wazi kwa kila mwenye akili timamu. Kwa miaka mingi mapovu yalikuwa yakipanda ndani ya chupa za watu bila kuulizwa yanatoka wapi wala yanakwenda wapi. Ofisi ikapewa nyumba nzuri kando ya barabara kuu. Madirisha yake manne yalitazama malori ya madini yaliyokuwa yakishuka kutoka upande wa Kakanda tangu asubuhi hadi jioni, yamefunikwa maturubai. Ofisini hakuna aliyeuliza yamebeba nini. Malori hayakuwa na mapovu.

Mama Clémentine alilisikia tangazo akiwa uani, mikono imelowa maji ya nanasi. Binti yake Bénie alikuwa anaolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule, na kwao binti haolewi bila kinywaji cha mama yake. Alikijua tangu utoto. Unaosha nanasi lakini husugui ganda, kwa sababu kazi yote inafanywa na ganda. Unaliloweka na sukari na tangawizi iliyopondwa, unafunika kwa kitambaa safi, unasubiri siku tatu. Unachuja, unatia maji ya mchaichai, majani ya minti na kijiko kimoja cha sukari, kisha unafunga katika chupa za plastiki na kuzikagua kwa kidole gumba. Chupa ikiwa ngumu kama jiwe, unaiweka kwenye beseni la maji baridi. Mgeni akifungua, inamsalimia kwa sauti. Siku ile alikuwa na chupa arobaini za majaribio, za kuwaonjesha wakwe kwanza.

Mume wake, Albert, mstaafu wa kiwanda, alizima redio.

"Twende tulombe ile papier, ile cheti yao," alisema. "Minye nilitumika miaka makumi tatu mu usine. Sikukosa papier hata moja."

"Papier ya nini, Albert? Ni nanasi na tangawisi."

"Njo ile. Papier ya nanasi na tangawisi."

Kesho yake Clémentine alivaa kitenge chake cha misa, akachukua chupa moja, akaenda. Mkurugenzi Gaston alimpokea mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida, lakini hapakuwa na mtu mwingine kwenye foleni. Alikuwa mtu mnene mwenye suti ya rangi ya maziwa na kalamu tatu mfukoni. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaitazama kama daktari anavyotazama picha ya mapafu.

"Mama, hii kintu inatoa mapovu. Nani aliiruhusu?"

"Inatoa yenyewe, Directeur. Sukari na tangawisi binapatana."

"Bila autorisation."

"Haikulomba."

Mkurugenzi alimwambia katibu wake, Gaëlle, aandike hilo. Gaëlle, binti mwembamba aliyepiga chapa bila kutazama vidole, aliandika.

Utaratibu wa kupima ulikuwa rahisi. Chupa ilipaswa kufunguliwa mbele ya wajumbe watano: wa Afya, wa Mazingira, wa Utamaduni, wa Usalama, na wa idara moja ambayo ilikuwa bado haijapewa jina lakini ilikwisha kupewa kiti. Wote watano walipaswa kuyaona mapovu kwa macho yao na kutia saini. Chupa ikafunguliwa. Mjumbe wa Afya aliyaona mapovu, akatia saini. Wa Mazingira naye akayaona. Wa Utamaduni alikuwa ametoka kutafuta mkate. Wa Usalama alikuja baada ya saa moja na nusu, akainama juu ya chupa na kutangaza kwamba yeye, kwa dhamiri yake, haoni povu hata moja.

"Yalikuwako, Papa," alisema Clémentine.

"Mama, minye ni wa Sécurité. Siandike bintu bya zamani."

Chupa ikakataliwa, kisha ikanywewa ili isizagae. Clémentine alishauriwa alete nyingine. Alileta. Alileta nne kwa siku nne. Siku ya nne wajumbe wote watano walikuwapo, wakayaona mapovu, wakatia saini, na Mkurugenzi akampa mkono. Kisha akagundua kwamba cheti kilichotolewa ni cha chupa ile iliyofunguliwa, ambayo kufikia wakati wa kukauka kwa wino haikuwa na mapovu tena. Kuibandika cheti kungekuwa kumdanganya mnywaji. Akakichana mwenyewe, kwa masikitiko.

"Sasa chupa ya kupimwa inapata cheti lakini haina mapovu," Clémentine alisema taratibu, akitaka kuelewa. "Na ile iko na mapovu haipate cheti, juu haijafunguliwa."

"Umeelewa vizuri," alisema Mkurugenzi, akafurahi. Raia wengi walikuwa wanachelewa kuelewa.

Wiki iliyofuata gari la ofisi lilisimama mbele ya nyumba yake. Wajumbe walishuka na kuchukua chupa thelathini na tano zilizobaki, kwa ajili ya upimaji wa kina. Bénie alisimama mlangoni akiwatazama wakizibeba mbili mbili, kwa uangalifu zaidi kuliko wanavyobebwa wagonjwa. Gari lilipoondoka, hakulia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama, siku ya mariage tutabapa bantu maji," alisema. "Maji nayo ni kinywaji."

Hilo ndilo lililomchoma Clémentine. Familia ya bwana harusi ingetoka Kakanda na shangazi zake saba, wanawake waliokumbuka kila sahani iliyowahi kuchelewa. Mama wa bi harusi aliyewapa maji angezungumzwa hadi wajukuu waoe. Lakini zaidi ya shangazi, aliona uso wa binti yake ukijaribu kutosheka, na hakuna mama anayependa kuuona uso wa namna hiyo.

Upimaji wa kina ulichukua siku sita. Gaëlle aliandika taarifa yake neno kwa neno, kama ilivyokuwa kazi yake. Chupa ya kumi na saba: matokeo mazuri, ila mjumbe wa Mazingira anaomba yahakikishwe na chupa ya kumi na nane. Chupa ya kumi na nane: mazuri zaidi. Chupa ya ishirini na sita: wajumbe wanauliza kama kuna barafu. Chupa ya thelathini na tano: upimaji umesimama kwa kukosa vifaa.

Ndipo barua ikafika kutoka Lubumbashi. Mkaguzi atakuja Alhamisi ya mwisho ya mwezi, siku mbili kabla ya harusi, kuona mafanikio ya ofisi na kuonja kinywaji cha mfano. Mkurugenzi aliangalia kabati. Ndani mlikuwa na vizibo tu.

Clémentine akaitwa haraka. Hakuombwa kutengeneza kinywaji, kwa kuwa hakuwa na cheti. Aliombwa kuandika namna kinavyotengenezwa, nakala nne, ili ofisi itengeneze yenyewe. Aliandika yote, kwa herufi kubwa, bila kuficha kitu. Wajumbe wakakaa siku nzima kuirekebisha karatasi yake.

Waliona siku tatu ni chache; kila idara ilikuwa na haki ya siku mbili, kwa hiyo zikawa kumi. Kijiko kimoja cha sukari mwishoni kikawa vijiko vitano kwa kila chupa, ili pasiwe na idara isiyowakilishwa. Mjumbe wa idara isiyo na jina, ambaye hakuwa na la kuongeza, aliongeza hamira ya mkate. Chupa za plastiki zilionekana za aibu mbele ya mgeni, basi zikatafutwa chupa za mvinyo, zenye vizibo vya kusokomeza, vikafungwa kwa waya. Kuhusu kidole gumba, Mkurugenzi alisema kwamba dola halipimi kwa vidole.

Clémentine alisomewa marekebisho. Alisikiliza hadi mwisho.

"Directeur, ile itapasuka."

"Mama, imepitishwa."

"Sukari tano, na hamira, siku kumi, na joto la huu mwezi? Mufungue kidogo kila siku, gesi itoke. Ao muache plastiki."

"Andika, Mama. Hapa tunasikia kwa maandishi."

Akaandika. Mistari sita, nakala mbili, hapo hapo kwenye kona ya meza. Mkurugenzi aliipokea barua na kuiweka chini ya chupa ya maji iliyokuwa inavuja. Lakini Gaëlle alipiga muhuri kwenye nakala ya Clémentine: imepokelewa, tarehe, saa, saini.

Kwa siku kumi wajumbe walizilinda chupa kwa zamu, ndani ya ofisi ya Mkurugenzi, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiingie. Kwa kuwa wote walikuwa wanalinda chupa zao, hakubaki mtu wa kulinda chupa za watu. Clémentine aliligundua hilo siku ya pili. Hakulitangaza. Alikwenda sokoni, akarudi na nanasi.

Alhamisi Mkaguzi alifika saa tatu kamili, jambo lililowashtua wote. Aliitwa Barnabé, mtu mfupi mwenye shati jeupe, aliyezungumza polepole kana kwamba kila neno linakatwa kwenye mshahara wake. Clémentine naye alikuwa ameitwa, akasimamishwa karibu na mlango. Hakuambiwa kwa nini, lakini alikisia: kama kinywaji kingekuwa kizuri, kingekuwa cha ofisi, na kama kingekuwa kibaya, kingekuwa chake.

Mkurugenzi alisoma hotuba ya kurasa saba. Kwenye ukurasa wa tano kabati lilitoa mlio, kama mtu aliyesafisha koo. Alimaliza, akatoa chupa ya kwanza, akalegeza waya.

Kizibo hakikungoja kuvutwa. Kiligonga dari. Kinywaji kikakifuata, chote, kwa nguzo moja iliyonyooka, kisha kikashuka juu ya hotuba, juu ya daftari la vyeti, na juu ya shati jeupe la Mkaguzi. Chupa zilizobaki kabatini zilikuwa na waya uliofungwa na watu wasiojua kufunga waya. Mtikisiko wa ile ya kwanza ulizitosha. Zilijibu moja baada ya nyingine. Mjumbe wa Usalama alikuwa chini ya meza kabla ya ile ya tatu. Wa Afya alifika chini ya meza akamkuta.

Kelele zilipoisha, maji matamu yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye taa. Katika chupa zote, hapakupatikana kinywaji cha kujaza kikombe kimoja.

Mkaguzi alitoa leso, akafuta miwani, akaivaa tena.

"Bwana Directeur. Nani alitengeneza hii?"

Mkurugenzi alinyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Ni recette ya huyu mama, Chef. Njo yeye alituandikia."

Clémentine alifungua mkoba wake, akatoa karatasi, akavuka sakafu iliyonata na kumpa Mkaguzi. Mkaguzi aliisoma mistari sita mara mbili. Alitazama muhuri.

"Huu muhuri ni wenu?"

"Ni wetu," alisema Gaëlle, kabla ya Mkurugenzi kupata jibu zuri zaidi.

"Basi chupa ni za ofisi. Na ofisi iko na cheti cha kutengeneza mapovu?"

"Chef, siye njo tunatoa vyeti."

"Sikuuliza nani anatoa. Niliuliza kama iko nacho."

Gaëlle alifungua daftari lililolowa, akageuza kurasa zilizoshikana. "Hapana," alisema. "Hakuna mutu hata mumoja iko nacho."

Mkaguzi aliomba kanuni. Akasoma kwa sauti kifungu cha nne: nyumba yoyote itakayokutwa na mapovu yasiyo na cheti itafungwa na kutiwa lakiri mpaka mwenyewe atakapopata cheti. Akauliza nani aliandika kifungu hicho. Mkurugenzi, ambaye alikuwa amezoea kusifiwa kwa kifungu cha nne, alijibu kabla ya kufikiri.

Kabla ya adhuhuri mlango ulikuwa umetiwa lakiri. Ndani vilibaki muhuri, fomu, kalamu mbili za Mkurugenzi na koti la mjumbe wa Utamaduni. Mkaguzi alitoa sharti moja tu la kuufungua: ofisi ilete chupa moja, iliyotengenezwa na Mkurugenzi kwa mikono yake, inayoweza kufunguliwa mbele ya binadamu. Kisha akapanda gari, akakalia gazeti ili asigandie kiti.

Jumamosi Bénie aliolewa. Wageni walikunywa chupa sitini, hakuna iliyompiga mtu, na shangazi mkubwa wa Kakanda aliomba ya tatu kwa sauti ambayo shangazi wengine sita waliisikia. Bénie alicheza viatu vikiwa mkononi. Albert aliuliza mara moja tu kama kuna papier, akaambiwa ofisi imefungwa, akaridhika kwamba amejibiwa.

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi Gaston alibisha hodi. Alikuwa amevaa suti ileile, yenye doa la rangi ya chai kuanzia begani. Alieleza kwa maneno marefu kwamba ofisi yake inatafuta ushirikiano wa kiufundi. Clémentine alimsikiliza, akamletea kiti kifupi, ndoo mbili za nanasi na kitambaa cha kujifunga kiunoni.

"Osha," alisema. "Lakini usisugue."

"Kazi yote ni siku ngapi, Mama?"

"Ine. Tatu za ganda, moja ya chupa."

"Kwa ofisi ya serikali haiwezekane mbili?"

Clémentine akageukia kuponda tangawizi.

Majirani walianza kupita, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Mama mmoja mwenye beseni la mboga alisimama kabisa getini.

"Directeur, ni weye? Unafanya nini hapa?"

"Niko mu mission," alijibu Mkurugenzi, na kuchukua nanasi lingine.

Saa sita alikuwa amemaliza ndoo moja. Akajifuta mikono, akamwomba Clémentine kwa heshima kama angeweza kumwandikia karatasi ndogo, hata isiyo na muhuri, ya kuthibitisha kwamba alihudhuria.

Clémentine aliitazama ndoo ya pili.

"Maliza kwanza ile," alisema. "Halafu urudi kesho, nitaangalia."