Bata wa Ijumaa na Kidole Tumbo Changu

Jumatatu, 6 Novemba
Nimempigia simu binti yangu Sidsel. Ijumaa ni mkesha wa Mtakatifu Morten, aje tule bata wa sikukuu. Kasema ana zamu hospitalini, chumba cha ultrasaundi. Tangu Pasaka hajakaa mezani pangu! Preben wa ghorofa ya juu kaja kuazima viti. Wanawe wanakuja wote. Eti, viti sita, Mwalimu, unavikalia kwa zamu? Nimempa vinne. Mjivuni huyu!

Jumatano, 8 Novemba
Njia ipo. Sikufundisha baiolojia miaka yote ile bure. Kidole tumbo kikivimba, maumivu huanzia kitovuni, kisha huteremkia kulia. Daktari akiwa na shaka, humpeleka mgonjwa ultrasaundi. Na huko yuko nani? Nimejizoeza kuugulia mbele ya kioo. Naugulia vizuri sana.

Ijumaa, 10 Novemba
Daktari wa zamu kaamini! Mwenzake Sidsel alitaka kunipima. Sidsel kakataa, uso umempauka. Akanipaka jeli baridi, akakandamiza taratibu. Nikamweleza kwamba kidole tumbo kizima hubonyea, kilichovimba hugoma. Akasema, Baba, nyamaza, kazi yangu naijua. Kisha akashusha pumzi. Changu kimebonyea vizuri tu, kasema, na mgonjwa wa kweli hatoi somo huku anabanwa. Aibu! Nikamwomba atazame tena, kwa uhakika zaidi. Alikwishajua kuwa siumwi. Akatazama tena, polepole, mkono wake tumboni mwangu. Ningelala pale mpaka Krismasi.

Akanifuta jeli. Akasema, Baba, ukinikumbuka niambie tu umenikumbuka, simu haiumi. Jumapili atakuja.

Jumapili, 12 Novemba
Kaja! Tumekula bata wa juzi kwa kabichi nyekundu. Kacheka mara mbili. Giza lilipoingia akavaa koti. Nilitaka kumwambia abaki kidogo. Nikamweleza jinsi bata anavyohifadhi mafuta chini ya ngozi. Akasikiliza mpaka mwisho, ufunguo wa gari mkononi. Akaenda.

Jumatatu, 13 Novemba
Nimeshika simu. Nimefungua kinywa. Nimeirudisha mezani.

Vijiwe vya nyongo, lakini! Ultrasaundi huvionyesha vizuri kuliko kipimo kingine, mradi mgonjwa awe hajala. Preben kanishushia paja la bata. Nimelikataa. Tumbo tupu tangu jana, na chini ya mbavu za kulia naona kama panaanza kuvuta.