Mama Mkwe Alitaka Kupita Mbio

Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, marehemu akiwemo. Nimejibanza nyuma ya nyumba ya watu, suruali bado imelowa, nawaandikia rafiki zangu kabla hamjasimuliwa na wengine. Wao wataitia chumvi. Chukueni yangu kwanza, hii ina maji tu.

Mama mkwe wangu amefariki. (Asanteni kwa pole. Nafasi ya pole ipo. Ya kucheka haipo.) Alikuwa akiuza samaki sokoni hapa Likasi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimvusha ziwani kwenda kununua kwa wavuvi. Injini ya mtumbwi ni yeye aliyeninunulia, wakati ndugu zake wote wanasema mimi ni mkwe bure kabisa. Nilimpenda yule mama. Nalisema wazi.

Sasa kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawagusani hata kidole. Ndiyo heshima. Kwa hiyo yeye alikaa mbele ya mtumbwi akiangalia maji, mimi nyuma kwenye injini, na miaka yote hiyo nimemfahamu kwa mgongo wake na kitambaa chake cha kichwa. Tuliongea hivyo hivyo, na tulielewana. Injini yenyewe ilikuwa ndogo na mvivu, hata wapiga makasia walitupita. Naye kila safari, bila kugeuka:

"Mukwe, hii motere unaitiaka petroli ao unaitiaka usingizi? Siku moja utanipitisha hapa mbio, bale bantu banione!"

"Ndiyo, mama. Siku moja."

Siku hiyo haikuja. Aliacha neno kwamba azikwe kijijini kwao, ng'ambo ya ziwa, kando ya mume wake. Nikajiapiza: safari hii ya mwisho atapita mbio, na watu watamwona.

Nikaibeba injini hadi Shituru kwa rafiki yangu Trésor, fundi wa pikipiki. (Wa pikipiki. Mwenye akili angeishia hapo.) Akafungua kabureta, akachomoa kijibati chenye tundu dogo, akanionyesha.

"Unaona? Kule banaitengenezaka, banaifunga pumzi na haka kantu. Motere iko na nguvu, banaikaba tu shingo. Miye nitaiachia ipumue."

Akakitupa kijibati, akapanua njia ya petroli, tukaijaribu ndani ya pipa la maji uani. Mama yangu! Ilinguruma, maji yakaruka yote, pipa likabaki tupu, na nguo za jirani zilizokuwa zimeshakauka zikaanza kuchuruzika upya. Jirani alitutukana. Mimi nilikuwa nacheka kama mjinga.

"Lakini sikia," Trésor akasema. "Sasa iko na nguvu kupita mutumbwi yako. Usitegemee zile vis zake za kuikaza ku mutumbwi tu. Ifunge na kamba, ikaze muzuri. Na usifungue gaz yote mara moja."

Nilikuwa na kamba moja.

Leo asubuhi tukafika ziwani na jeneza. Wanawake wa msiba, pamoja na mke wangu Odette, wakajipanga kando ya mitumbwi ya makasia wakiimba. Odette hakuimba. Tangu mama yake afe hajalia, hajasema, anakaa tu akitazama mikono yake, na hilo lilikuwa likinitisha kuliko kifo chenyewe.

Tukaliweka jeneza mbele ya mtumbwi wangu, mahali pake pale pale. Mbao zimejaa utelezi wa samaki wa miaka yote. Nikawaza: kamba hii, injini au mama? Nikachagua mama. Ndipo mjomba wake Odette, mzee Kasongo, kaka wa marehemu, akanishika mkono.

"Weye, unafanya nini pale?"

"Ninafunga, tonton, isitembee."

"Dada yangu ni mbuzi? Uliona wapi bantu banafunga mufu na kamba?"

"Apana, tonton, lakini motere iko na nguvu sasa..."

"Ile motere? Ile haiwezi kusukuma hata bata!"

Wazee wote wakaitikia. Nikaitupa kamba mchangani kwa hasira. (Ndiyo, ningeweza kuifunga injini kwayo. Najua. Msiniandikie.)

Wanawake wakaingia mitumbwini, wakatangulia. Mjomba akakaa mbele kabisa, akiwa ameshika msalaba wa mbao. Nyuma yake jeneza. Nyuma ya jeneza mimi. Tukaenda polepole, kwa adabu. Kule ng'ambo kijiji kizima kilikuwa kimesimama ufukweni kikitungoja, na mbele yetu mitumbwi ya wanawake inakaribia kufika. Nikatazama lile jeneza mahali ambapo siku zote palikuwa na mgongo wake.

Nikasema kimoyomoyo: mama, shika vizuri. Nikazungusha mkono wa injini, nikafungua gesi yote mara moja.

Tulipita! Naapa tulipita! Wanawake wakaacha kuimba, makasia yakasimama hewani, Odette akainua uso, na mimi machozi yananitoka kwa furaha. Ilidumu kama pumzi moja.

Kisha mbele ya mtumbwi ikainuka. Mjomba akapaa na msalaba wake. Jeneza likaanza kuja. Likateleza taratibu kwanza, kisha kwa haraka, moja kwa moja kwangu, mimi ambaye sikuwahi kumgusa hata kidole. Nikaachia injini nimpokee. Nifanye nini? Nimwache aingie majini? Nikamkumbatia kwa mikono yote miwili, shavu langu juu ya mbao. Injini nayo, bila mkono wa kuishika, ikajipinda, vis zikaachia, ikaruka juu mara moja ikilia, ikanimwagia maji, ikazama. Zawadi yake. Kazi yangu. Kukabaki mapovu.

Kijiji kizima kinaangalia mkwe amemkumbatia mama mkwe, miguu yake imebanwa chini ya jeneza, hawezi hata kujitoa.

"Muachie dada yangu!" mjomba akapiga kelele akiwa amelala chali ndani ya mtumbwi.

"Siwezi, tonton! Njo yeye ananishika!"

Wale wanawake tuliowapita ndio waliokuja kutuvuta. Bibi mmoja mzee akanirushia kamba. Yangu. Aliiokota mchangani.

"Mukwe," akasema kwa upole, "ulisahau kintu yako."

Tumemzika. Mjomba ameagiza nilete kuku mweupe wa kuondoa mkosi. Nikadhani yameisha, kumbe watani wa ukoo hawajafika. Mnajua watani kwenye msiba, hawana huruma, na hakuna ruhusa ya kuwakasirikia. Mmoja akalala chini na ubao kifuani. Mwingine akajitupa juu yake akimkumbatia: "Mama, nilikungojea sana! Sasa geuka nikuone!" Na wa tatu akawa injini. Aliruka hadi kwenye sufuria ya maji.

Nikatamani ardhi inimeze. Ndipo nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Odette. Alicheka mpaka akakaa chini, na pale chini kicheko kikageuka kilio, akamlilia mama yake kwa sauti, hatimaye. Nikakaa naye. Bado nasikia anavyolia humo ndani, na mashangazi wamemzunguka.

Funzo ninalo: mwenye kamba moja asisikilize wazee. Naombeni msicheke. Na kama kicheko kitawashinda, basi semeni na hili pia: alipita mbio, na watu walimwona.