Mkurugenzi Mwenye Cheti cha Koleo

Ilitangazwa langoni, kwa herufi nyekundu zinazosomeka hata na asiye na miwani, kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya Idara yetu ya Uchimbaji wa Visima, koleo la bomba ni salama kabisa. Halijambana mtu wala kumgonga mtu tangu Mkurugenzi atoe waraka wake. Ni kweli kwamba tangu waraka huo hakuna aliyeruhusiwa kulishika, na kisima hakijaongezeka hata urefu wa kidole. Lakini tukubaliane, kutoumia ni kutoumia.

Nayajua haya kwa sababu mimi ni mjumbe wa Kamati ya Usalama wa Koleo. Watu huniita Bibi Chai. Nilikuwa naingia na birika kila kamati ikikaa, hadi Katibu alipogundua kwamba kanuni inadai awepo mwanamke. Akaniambia, "Bibi, weka birika chini, kaa hapo." Nikakaa. Tangu hapo namimina chai ileile, ila namimina kwa niaba ya akina mama wote.

Asiyelijua koleo hili nimweleze. Si lile la kung'olea misumari. Ni chuma kirefu kama mtu mzima aliyelala, kinaning'inia kwa waya juu ya jukwaa la mtambo. Mdomo wake unakumbatia bomba la kuchimbia, mnyororo wa winchi, ile mashine ya kuvutia, unavuta mkia, bomba linakazwa au linafunguka. Ndani ya mdomo mna meno, vipande vya chuma vyenye mikwaruzo kama tupa. Meno yakiwa makali, linauma na kushika. Yakiisha linateleza, na likiteleza mkia unazunguka na nguvu zote za winchi, haujali umekutana na nani.

Meno ya letu yalikuwa yameisha. Aliyekuja kusema hivyo mbele ya kamati ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, ambaye ndiye mshika koleo. Aliingia na ovaroli lake, akavua kofia ngumu, akakataa kiti asije akakichafua.

"Bosi, naomba meno mapya. Jana limechomoka, limepita hapa." Akaonyesha mbele ya kifua. "Nilikuwa nimesimama pembeni, ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu."

"Kwa hiyo hukuumia," alisema Mkurugenzi, ambaye ndiye Mwenyekiti wa kamati.

"Sikuumia."

"Katibu, andika: hali ni ya kuridhisha."

"Bosi, nayasugua kwa brashi ya waya kila asubuhi, matope yote yanatoka. Lakini meno yaliyokwisha hayaoti kwa kusuguliwa."

"Kijana, wewe unaongelea vifaa. Sisi hapa tunaongelea mtazamo."

Mimi sikusema kitu, maana mama mkwe hamtetei mkwe wake mbele za watu, na pia nilikuwa na birika la moto mkononi. Niliitazama tu mikono yake. Vidole vyote vilikuwepo. Binti yangu ana mtoto mgongoni na mwingine njiani, na wote hao wanakula kutoka kwenye vidole vile.

Kamati ilitafakari kwa kina. Ikabaini kwamba wote waliowahi kuumizwa na koleo walikuwa karibu na koleo. Mkurugenzi alifurahi sana na uchunguzi huo. Akatoa waraka: hakuna ruhusa ya kulishika bila Cheti cha Umahiri, na cheti hakitolewi bila mtihani. Ili kuonyesha mfano alitunga mtihani, akaufanya, akausahihisha mwenyewe. Alijipa alama zote isipokuwa moja, watu wasiseme kuna upendeleo. Wafanyakazi wengine waliambiwa wasubiri karatasi zichapwe.

Wakasubiri. Walikaa kivulini wakicheza drafti kwa vizibo vya chupa.

"Bibi Chai, tuongezee sukari," waliniambia. "Leo tuko salama mpaka tumechoka."

Ndipo akaja Mkubwa kutoka makao makuu, mama mmoja mpole aliyevaa buti za mpira, jambo ambalo lilitushtua, kwa kuwa wakubwa huja na viatu vya kung'aa. Alisikia hotuba yote ya Mkurugenzi kuhusu usalama wa koleo. Kisha akasema, "Vizuri. Sasa nione bomba moja likiunganishwa."

"Hatuna cheti, mama," alisema mkwe wangu.

"Nani anacho?"

Tukamtazama Mkurugenzi. Si kwa ubaya.

"Ninacho, mheshimiwa, lakini ni cha kinadharia zaidi."

"Waraka unasema hivyo?"

"Hausemi," Katibu akajibu, kwa sababu aliuandika yeye.

Mkurugenzi akapanda jukwaani na suti yake. Mkwe wangu akapanda naye, mikono nyuma ili asivunje waraka.

"Bosi, ukishalifunga, toka. Usisimame kwenye njia ya mkia."

"Najua. Nilitunga swali hilo."

"Ulijibuje?"

"Ndilo nililokosa."

Alilifunga koleo vizuri tu, kisha akabaki palepale akitabasamu, maana mpiga picha aliyekuja na Mkubwa alikuwa upande ule. Mwendesha winchi alivuta taratibu kama anavuta pazia. Winchi si koleo, waraka haukuihusu. Koleo likateleza. Mkwe wangu alimdaka bosi ukosi wa koti, akamvuta, na mkia ukapita pale tabasamu lilipokuwa. Mkurugenzi akakaa kwenye matope, mzima kabisa, ila kofia yake ilikwenda mbali.

"Hili koleo halina meno," alisema.

"Lilikuwa nayo," mkwe wangu akajibu kwa adabu.

"Leteni mapya sasa hivi."

Mtunza ghala akakohoa. "Yapo, mheshimiwa. Ila hayatoki bila azimio la Kamati."

"Nashuka nikaitishe Kamati."

"Aa, usishuke," alisema yule mama. "Mwenye cheti ni wewe peke yako. Ukishuka, kazi itasimama."

Katibu akafikiri, akatangaza kwamba Mwenyekiti akiwa na majukumu mengine, anakaimu mjumbe mwenye umri mkubwa. Wote wakanigeukia. Umri wangu haukuhitaji ushahidi.

Nilifungua kikao palepale kando ya birika. Nikatangaza maslahi yangu kwanza, kwamba mwenye vidole ni mkwe wangu. Katibu akasema kwa sasa vidole vilivyo hatarini ni vya Mkurugenzi, hivyo sina maslahi yoyote.

"Kuna mjadala?" nikauliza.

Hakukuwa na mjadala.

"Basi meno yatoke, na kila yakichakaa yatoke mengine, bila kikao."

Yalifungwa mchana uleule. Aliyeyafunga ni Mkurugenzi, amepiga magoti, huku mkwe wangu akimwelekeza kutoka mahali salama. Kisima kinaendelea vizuri. Kila asubuhi Mkurugenzi hulisugua koleo kwa brashi ya waya, na sasa hata aambiwe na mpiga picha, hasimami kwenye njia ya mkia.

Juzi alituletea ombi la kuharakisha mitihani ya wenzake, mgongo unamuuma. Tulilisoma kwa makini. Nikiwa kaimu Mwenyekiti nilimjibu, kwa heshima zote, kwamba suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi.