Jina la Geti Kwenye Mnada wa Kanisa

Jumatano, 4 Juni

Hasira! Nimetoka kikaoni damu inachemka. Mimi, Melkizedeki, Afisa Uchangishaji wa Chuo, nimeambiwa mbele ya watu kwamba geti langu halimo kwenye mpango mkakati. Geti la mawe! Nguzo, taa, jina la mfadhili kwa herufi za shaba, na chini yake, kwa herufi ndogo za unyenyekevu, jina la aliyelibuni. Makamu Mkuu, Profesa Theresia, kasema uongozi umeamua jambo moja tu mwaka huu: maabara ya wauguzi. Kila anayeomba fedha aombe hiyo. Eti wanafunzi wanajifunza kuchoma sindano kwenye machungwa. Sasa machungwa yana ubaya gani? Hayalalamiki.

Aliyemjaza maneno ni Sia wa Mipango. Profesa akipumua, Sia anatikisa kichwa kukubali. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na Profesa kasema wazi: nisipoleta mfadhili mkubwa, ndiyo kwaheri. Watoto wanasoma. Mke wangu kaniuliza kikao kilikwendaje. Nimemwambia vizuri sana, nikapitiliza chumbani.

Ijumaa, 6 Juni

Sia kanitumia tena mpango mkakati kwa barua pepe. Kaandika nisome angalau sura ya nne. Dharau hiyo! Nilianza kuchangisha yeye akiwa bado darasa la kipaimara. Sijaufungua na sitaufungua.

Lakini akili ninayo. Mzee Abdiel, mwenye malori na mashamba ya kahawa, anasali usharika wetu wa nyumbani kule Nkoaranga. Kila Jumapili baada ya ibada kuna mnada wa vitu walivyotoa washarika: mikungu ya ndizi, kuku, mayai. Watu wa kwetu ukiwaomba mchango wanakunja uso. Wakiwa mnadani wanashindana mpaka mishipa ya shingo inasimama. Nitanadi jina la geti! Mzee Abdiel hawezi kushindwa mbele ya wakwe zake. Profesa ataletewa habari ikiwa imeshaiva. Nimempigia mchungaji kumwambia kwamba Chuo kina kitu cha kunadi. Kafurahi, kaniombea kwenye simu.

Jumapili, 8 Juni

Mungu wangu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nilisimama na picha ya geti, mzee wa kanisa akanadi, bei ikapanda, Mzee Abdiel akashinda. Vigelegele! Ndipo akatangaza, kama watu wanavyofanya na mkungu wa ndizi, kwamba amenunua na anarudisha, liuzwe tena kwa utukufu wa Mungu. Likauzwa tena. Daktari mmoja akanunua, naye akarudisha. Mwisho wakanunua akina mama wa usharika, wakiongozwa na Mama Susana. Hao hawakurudisha. Nilikuwa nachekelea moyoni: geti moja, nimelipwa na wote!

Nikaenda mezani kuchukua fedha za Chuo. Mhazini akanitazama kama mwizi wa sadaka. Mchungaji akanieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto, kwamba kinachonadiwa pale kimeshatolewa kwa Bwana, na fedha zote ni za paa la kanisa. Akakishukuru Chuo kwa moyo wa utoaji. Watu wakaitikia amina! Na mimi nimekulia usharika huu, kuku wa mama yangu wameuzwa pale miaka yote. Tamaa ilinifumba macho. Njiani kurudi mjini nimejikasirikia mpaka Tengeru. Kuanzia Tengeru nikamkasirikia Sia.

Jumatatu, 9 Juni

Mama Susana na wenzake wametua ofisini asubuhi wamejifunga kanga. Wanataka kuoneshwa geti lao linasimama wapi. Nikajificha stoo. Kumbe Sia kawapokea, kawapa chai, kawapeleka kwa Profesa! Mchongezi! Profesa aliniita, nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Aliuliza swali moja: ni nani aliyenituma kuuza jina la Chuo. Mchana Profesa na Sia wamepanda Nkoaranga kumwomba radhi Mzee Abdiel. Mimi nimeachwa kama sufuria chafu.

Jumatano, 11 Juni

Nasaga meno. Mzee Abdiel kawapokea kwa maziwa mgando, kawaambia alirudisha jina kwa sababu geti halimponyi mtu. Binti yake ni muuguzi. Kasema siku zote alikuwa anangoja mkuu wa Chuo aje mwenyewe, aseme shida ni nini. Sasa anajenga maabara! Akina mama nao wamekubali chumba kimoja cha humo kiitwe kwa jina lao. Sifa zote kapewa Sia. Nani aliyewaamsha watu hawa? Nani?

Mimi nimeongezewa miezi mitatu, tena chini ya Sia! Profesa kaniapisha kwamba sitamwomba mtu chochote bila uongozi kujua. Nimeapa, tena kwa sauti.

Nimerudi nyumbani, nimekaa, nimetafuta kosa langu bila kujipendelea. Nimelipata. Nilikwenda kwa Walutheri. Nimempigia Romanus, katibu wa parokia moja huko Olasiti, anasema Wakatoliki nao wana mnada baada ya misa, na mifuko yao ni mizito zaidi. Kauliza Chuo kinanadi nini. Nimemwambia maktaba ya ghorofa. Kauliza iko wapi. Nimemwambia asiwe na haraka. Jumapili hii, misa ya pili. Sia asijue.